Ukungu mzingani: dalili, visababishi na dawa zisizowaumiza nyuki

Kila msimu wa baridi na mvua wafugaji huuliza swali lilelile: niweke dawa gani ya ukungu mzingani bila kuwadhuru nyuki? Dawa hizo zipo, lakini ni chache, kazi yake ni finyu, na mara nyingi hazihitajiki. Mzinga mkavu, kundi lenye nguvu na malkia ambaye uzao wake hupenda usafi hufanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote. Dawa huja baada ya hayo, tena ukishajua unapambana na kuvu gani. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta ile unayoiona, anza na ukaguzi mwepesi, kisha ushuke taratibu.

Jambo moja kwanza. Wengi hudhani dawa inayoua kuvu haiwezi kumgusa mdudu. Inamgusa. Dawa za kundi la azoli, kama propikonazoli na prokloraz, huzuia kuvu kutengeneza ergosteroli, ambayo ni sehemu ya utando wa seli zake. Nyuki hatengenezi ergosteroli, lakini kimeng'enya kinachofungwa na azoli ni cha ukoo mmoja na vile ambavyo nyuki huvitumia kuvunja sumu mwilini. Strobilurini, kama piraklostrobini, hukaba upumuaji wa mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na mitokondria ya nyuki hupumua kwa njia ileile. Basi usimwage mzingani dawa ya ukungu ya shambani, hata kidogo, hata iliyozimuliwa. Usiweke pia dawa za fangasi za binadamu. Hilo si jaribio. Ni kuchafua nta na asali.

Dalili ya 1: Vipande vikavu, vyeupe au vyeusi, mlangoni na sakafuni

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi. Asubuhi unakuta mbele ya mzinga vipande vidogo vigumu vyenye umbo la buu, vingine vyeupe kama chaki, vingine vya kijivu au vyeusi. Ukiinua fremu na kuitikisa polepole unasikia vikigongagonga ndani ya vyumba vilivyofunikwa. Huo ni ugonjwa wa chaki, unaoletwa na kuvu *Ascosphaera apis*. Buu hula spora, yaani mbegu za kuvu, pamoja na chakula, spora huota tumboni, na kuvu humjaa buu hadi akauke. Weusi hutokea pale nyuzi za jinsia mbili za kuvu hiyo zinapokutana na kuzaa spora. Ndiyo maana kipande cheusi ni hatari zaidi kwa mzinga kuliko cheupe: cheusi kimebeba mbegu za msimu ujao, na spora hizo huweza kubaki hai miaka 15 au zaidi.

Ukaguzi wa kwanza ni kuhakikisha kwamba ni buu kweli. Chavua iliyoota ukungu hudanganya hata wazoefu. Kibane kipande kati ya vidole vyenye glavu: chavua humeguka ikaonyesha tabaka za rangi mbalimbali, ilhali buu hubaki kipande kimoja na mara nyingi huonyesha kichwa upande mmoja.

Kisha tafuta chanzo kwa mpangilio huu.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni mabuu kupata baridi. Kiota cha mabuu hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 34 na 36 za Selsiasi. Buu aliyekwisha kula spora akipoa kidogo, hata hadi nyuzi 30 kwa muda mfupi, kuvu hupata nafasi. Angalia mahali wagonjwa walipo. Wakiwa pembezoni mwa kiota, hasa kwenye vyumba vya madume, chanzo ni baridi: mabuu ni mengi kuliko nyuki wa kuyafunika. Ondoa masanduku ya ziada, sogeza fremu zikaribiane, punguza mlango, na usifungue mzinga siku ya upepo. Ukigawa makundi, usigawe kundi likabaki na mabuu mengi na nyuki wachache. Makosa mengi ya ugonjwa wa chaki huanzia hapo.

Nyuki wenyewe wanajua hili. Mwaka 2000 Philip Starks na wenzake waliripoti kwamba kundi lililopewa spora za *A. apis* lilipandisha joto la kiota hata kabla mabuu hayajafa, yaani lilijipa homa kusudi. Mfugaji anayewaachia nafasi kubwa tupu ya kuipasha moto anawanyang'anya silaha hiyo.

Chanzo cha pili ni unyevu. Tazama chini ya kifuniko. Ukiona matone au mbao zilizolowa, hewa haizunguki. Inua mzinga kutoka ardhini, uinamishe kidogo upande wa mlango ili maji yatoke, kata nyasi, uuhamishie penye jua la asubuhi. Usitoboe matundu kila mahali, kwa maana nyuki watatumia nguvu zao kuyaziba.

Chanzo cha tatu ni ukoo wa malkia, na hapa naomba usiharakishe. Kuna makundi ambayo vibarua wake, yaani nyuki wafanyakazi, hunusa buu mgonjwa, hufungua chumba na kumtoa kabla spora hazijaiva, na kuna makundi yanayomwacha hapohapo. Unaweza kupima. Kata kipande cha sega chenye mabuu yaliyofunikwa, kigandishe kwenye friza kwa siku nzima, kirudishe kwenye fremu, kisha kihesabu baada ya saa 24. Kundi lililosafisha vyumba 95 au zaidi kati ya 100 lina tabia nzuri ya usafi. Kundi lililoacha nusu halitaponywa na mafuta ya mimea, badilisha malkia. Kubadilisha malkia huleta faida mbili: damu mpya, na pengo fupi la utagaji ambapo vibarua hupata nafasi ya kusafisha vyumba.

Masega ya zamani na lishe duni hufuata. Masega meusi ya kiota yabadilishwe kwa zamu, theluthi moja kila mwaka. Hakikisha pia kuna chavua ya mimea mbalimbali, na usilishe kundi chavua ya kununua isiyojulikana ilikotoka, kwani chavua ndiyo gari kubwa la spora.

Sasa, dawa. Katika nchi nyingi hakuna dawa iliyosajiliwa kwa ugonjwa wa chaki, na ukiyafanya hayo ya juu kundi hujirekebisha kadiri joto la nje linavyopanda. Mafuta ya thaimu, oregano, mdalasini na karafuu huzuia *A. apis* vizuri katika sahani za maabara, hasa kwa sababu ya timoli, karvakroli, sinamaldehidi na yujenoli zilizomo. Lakini sahani si mzinga. Ndani ya mzinga kiungo hicho lazima kimfikie buu kwa kiasi kinachozuia kuvu tumboni mwake bila kumuunguza yeye, na umbali kati ya vipimo hivyo viwili ni mdogo.

Kiungo ninachokiamini zaidi ni kile ambacho nyuki hukileta wenyewe: gundi ya nyuki, utomvu wa miti wanaoupaka kutani. Mwaka 2012 Michael Simone-Finstrom na Marla Spivak walionyesha kwamba makundi yaliyopewa spora za ugonjwa wa chaki yaliongeza safari za kuleta utomvu, na kwamba makundi yenye kuta zilizopakwa utomvu yalipata maambukizi machache. Acha basi kuikwangua gundi kutoka kuta za ndani kila unapofungua. Kwangua kingo za fremu tu. Ukitengeneza mzinga mpya, acha mbao za ndani ziwe na mikwaruzo, kwani nyuki hupaka zaidi penye mikwaruzo kuliko palipolainishwa kwa randa.

Simama na uite mtaalamu kama unaona vyumba vilivyozama, vyenye matundu, na harufu ya kuoza. Chovya kijiti chembamba ndani ya chumba na ukivute polepole: ute wa kahawia ukivutika sentimita 2 au zaidi, hiyo si kuvu. Inawezekana ni kuoza kwa mabuu kunakoletwa na bakteria *Paenibacillus larvae*, ugonjwa ambao katika nchi nyingi sheria inakutaka uutoe taarifa. Funga mzinga, usihamishe kitu chochote kutoka hapo, piga simu.

Dalili ya 2: Mabuu magumu kama jiwe, yenye unga wa kijani au njano

Hapa sitaki uanze na ukaguzi. Vaa barakoa ya kuchuja chembe, glavu na miwani kwanza, kisha usome.

Buu aliyeshupaa kiasi cha kutopondeka kwa vidole, mwenye unga wa kijani-njano unaoanzia karibu na kichwa, au mweusi, huenda ameuawa na *Aspergillus*: *A. flavus* mara nyingi, *A. fumigatus* au *A. niger* wakati mwingine. Tofauti na ugonjwa wa chaki, kuvu hizi huua hata nyuki wakubwa, na huweza kuota katika mapafu ya binadamu, hasa mwenye pumu au kinga dhaifu. *A. flavus* huweza pia kutoa sumu iitwayo aflatoksini.

Ugonjwa huu ni nadra, na kwa kawaida hushika kundi ambalo tayari limedhoofishwa na njaa, varoa (kupe wadogo wa nyuki) au unyevu mwingi. Kundi lenye afya lina walinzi wake: mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba bakteria *Bombella apis*, anayeishi katika chakula cha mabuu na tumboni mwa malkia, huzuia ukuaji wa *A. flavus*. Kuwapa nyuki antibaiotiki bila sababu ni kuwaondoa walinzi wa namna hiyo.

Usikune, usipulize, usipige brashi masega hayo. Usionje asali yake. Funga mlango jioni nyuki wakisharudi na umwite daktari wa mifugo au mtaalamu wa nyuki athibitishe kwa maabara. Ikithibitika, masega huchomwa. Hakuna kiuakuvu salama cha kuokoa sega la namna hiyo, na thamani yake haifiki thamani ya mapafu yako. Ukianza kukohoa au kubanwa kifua baada ya kulishika, nenda kwa daktari na umwambie ulichoshika.

Dalili ya 3: Kundi linapungua, nyuki wanatambaa, madoa ya kinyesi mbele ya mzinga

Watu wengi hukimbilia kusema ni nosema, ugonjwa wa utumbo wa nyuki. Mara nyingi siyo.

Anza na varoa. Chukua nyuki wapatao 300 kutoka fremu ya mabuu, ukihakikisha malkia hayumo, watikise kwenye chupa yenye wavu pamoja na sukari ya unga, uhesabu kupe wanaodondoka. Wakizidi 9, yaani 3 kwa kila nyuki 100, shughulikia varoa kwanza. Nyuki wenye mabawa yaliyokunjamana wanakueleza jambo hilohilo. Kisha pima njaa: inua mzinga kwa nyuma uone uzito wake. Tatu, uliza kama kuna shamba jirani lililopuliziwa dawa siku hizo. Madoa ya kinyesi peke yake si ushahidi, kwa sababu nyuki waliofungiwa ndani na baridi kwa siku nyingi huchafua vilevile.

Ukishayaondoa hayo, fikiria nosema. Visababishi ni viwili, *Nosema apis*, iliyoelezwa na Enoch Zander mwaka 1909, na *Nosema ceranae*, iliyoelezwa mwaka 1996 kutoka kwa nyuki wa Asia kisha ikaonekana imeenea kwa nyuki wa kawaida wa asali. Tangu mwaka 2020 wataalamu wa uainishaji wameziweka zote mbili katika jenasi *Vairimorpha*, kwa hiyo usishangae ripoti ya maabara ikitumia jina hilo. Ni jamaa wa kuvu wanaoishi ndani ya seli za utumbo wa nyuki. *N. ceranae* mara nyingi haileti kuhara kabisa. Kundi hupungua tu, kimya.

Ukaguzi wa uwanjani: mchukue nyuki aliyekufa karibuni, mvute ncha ya tumbo polepole hadi utumbo utoke. Utumbo wenye afya una rangi ya kahawia na pete zinazoonekana. Ulioshambuliwa sana huwa mweupe, umevimba, pete zimepotea. Kipimo hiki hukupa shaka tu. Uhakika hutoka kwenye hadubini ya ukuzaji wa mara 400: nyuki 60 wazee kutoka mlangoni au fremu za pembeni, matumbo yao yakapondwa katika mililita 60 za maji, spora zikahesabiwa. Kwa miaka mingi spora milioni 1 kwa nyuki zimetumika kama mpaka wa kuanza matibabu.

Matibabu mepesi ni kumaliza msongo: chakula cha kutosha, maji safi, jua, kuunganisha kundi dogo na jingine lenye afya tu, na malkia kijana. Masega matupu yaliyotumika na kundi gonjwa hufukizwa kwa asidi ya asetiki ya asilimia 80: mililita 120 hivi juu ya kila sanduku la masega, rundo likafungwa wiki moja, kisha likapigwa na hewa siku kadhaa kabla ya kurudishwa. Asidi hiyo huunguza ngozi na macho, na hula chuma na saruji. Glavu, miwani, nje penye upepo. Kama huna vifaa hivyo, yeyusha nta ya masega hayo uanze upya. Asidi hii haiwekwi kamwe kwenye mzinga wenye nyuki.

Kuhusu fumagilini, nitasema waziwazi. Ni antibaiotiki inayotokana na kuvu *Aspergillus fumigatus*, imetumika dhidi ya nosema tangu miaka ya 1950, na Umoja wa Ulaya hauiruhusu kwa nyuki. Utafiti wa mwaka 2013 wa Huang na wenzake ulionyesha kwamba fumagilini ikishafifia mzingani hadi kiwango cha chini, *N. ceranae* huzaliana kuliko ambapo haikutumika kabisa. Ni dawa ya daktari wa mifugo, pale sheria inaporuhusu, kwa kipimo chake, mbali na msimu wa asali. Usiagize mwenyewe.

Timoli katika maji ya sukari imepunguza spora za nosema katika majaribio kadhaa. Matokeo hayafanani kila mahali, na kosa la kipimo huwafanya nyuki wakatae chakula. Kundi lenye nosema linaloacha kula limekwisha. Kama huna mizani ya kupima gramu ndogo na maelekezo ya mtaalamu, usilijaribu hili.

Dalili ya 4: Ukungu wa kijani au bluu kwenye masega, chavua au kuta

Kwa kawaida si ugonjwa. Masega ya pembeni ambayo nyuki hawayafikii hushika unyevu na kuota ukungu. Yapunguze ili nyuki waenee kwenye yaliyobaki, kausha mzinga, na nyuki wenyewe watasafisha wakiwa wengi. Masega yaliyojaa ukungu mzito, au yenye nyuki waliokufa ndani, yaondolewe. Usipake siki, klorini wala mafuta yoyote.

Dalili ya 5: Mabuu yanakufa baada ya shamba la jirani kupuliziwa "dawa ya ukungu tu"

Mkulima huambiwa kiuakuvu hakina neno kwa nyuki, kwa sababu lebo hupima zaidi nyuki mkubwa akifa mara moja. Madhara ya viuakuvu mara nyingi huja polepole, kupitia chavua inayoliwa na nyuki walezi na mabuu.

Kisababishi kikuu ni mchanganyiko wa tangi. Azoli ikichanganywa na pairethroidi, ambayo ni dawa ya kuua wadudu, huzuia nyuki kuivunja pairethroidi. Pilling na Jepson walionyesha hilo mwaka 1993. Uliza kilichokuwa kwenye tangi, si jina la dawa moja tu. Kisababishi cha pili ni kupulizia maua yakiwa wazi mchana. Cha tatu ni mabaki kwenye chavua: mwaka 2013 Jeffery Pettis na wenzake waliona kwamba nyuki waliokula chavua yenye klorothalonili au piraklostrobini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuambukizwa nosema. Hii ni dawa ya kuvu inayowafungulia nyuki mlango wa ugonjwa wa kuvu. Kwa mfugaji, hakuna hoja yenye uzito kuliko hiyo anapozungumza na jirani.

Mwombe jirani apulizie jioni baada ya nyuki kurudi, nje ya kipindi cha maua, kiuakuvu peke yake bila kiuawadudu. Pale panapofaa, bikaboneti ya potasiamu au bidhaa za bakteria *Bacillus subtilis* zina hatari ndogo zaidi kwa nyuki, ingawa nazo hazipuliziwi kwenye ua lililofunguka. Angalia pia bidhaa za kibayolojia za kuua wadudu zenye *Beauveria bassiana* au *Metarhizium*: hizo zenyewe ni kuvu wanaoshambulia wadudu, na neno "asilia" kwenye lebo halimkingi nyuki.

Nyuki wakifa kwa wingi ghafla, wakitetemeka na ulimi umetoka nje, acha kila kitu. Piga picha, kusanya nyuki waliokufa punde, wagandishe siku hiyohiyo, na utoe taarifa kwa mamlaka ya viuatilifu kabla ushahidi haujaoza.

Dalili ya 6: Nimeweka timoli au mafuta ya mimea, na hali imekuwa mbaya zaidi

Nyuki wamening'inia nje, malkia ameacha kutaga, mabuu ya karibu na dawa yametolewa. Karibu kila mara chanzo ni joto: timoli huvukiza haraka kadiri joto linavyopanda, na nje pakizidi nyuzi 30 hivi mvuke huweza kuwa mkali mno. Itoe, fungua hewa, watulie siku chache. Chanzo kingine ni kipimo cha kubahatisha, au mafuta yaliyomiminwa moja kwa moja juu ya fremu. Kumbuka pia kwamba bidhaa nyingi za timoli zimesajiliwa kwa varoa. Ukizitumia kwa jambo jingine, lebo haikulindi, na asali yako inaweza kubeba harufu yake. Malkia asipoonekana na mayai yasipopatikana baada ya wiki moja, tafuta msaada upesi, maana kundi huenda halina malkia.

Kwa wanaofuga nyuki wapweke

Nyuki wakata-majani, *Megachile rotundata*, hushambuliwa na jamaa mwingine wa kuvu ya chaki, *Ascosphaera aggregata*. Hapa hakuna vibarua wa kusafisha, kwa hiyo usafi wote ni wako: toa vifuko kwenye matundu, tenga vilivyokufa, na uoshe vibao vya viota kwa maji ya klorini kisha uvikaushe kabisa kabla ya msimu. Klorini iguse vibao vitupu tu. Mirija ya karatasi au matete usiioshe, weka mipya.

Kutuma sampuli

Masega yenye mabuu: kipande cha sentimita 10 kwa 10, kilichofungwa kwenye karatasi. Usitumie plastiki, kwa sababu hushika unyevu na ukungu wa njiani huficha ule unaotafutwa. Nyuki wakubwa kwa kipimo cha nosema huwekwa kwenye alkoholi ya asilimia 70. Wanaoshukiwa kula sumu hugandishwa, bila alkoholi. Andika tarehe, idadi ya mizinga iliyoathirika, ulichowalisha, na kila dawa uliyoweka, hata ile unayoona aibu kuitaja. Maabara huhitaji kujua dawa hiyo kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi hiyo.